Udongo wa Kinoo wajulikana Roma, Kinoo hatuujui

Anayetaka kununua ploti hapa Kinoo huuliza mambo matatu: iwapo hatimiliki ipo, iwapo maji yapo, na barabara kuu iko umbali gani. Swali la udongo aghalabu halizuki. Likizuka hujibiwa kwa neno moja, "mwekundu," na hapo muuzaji na mnunuzi huridhika kana kwamba wekundu ni aina ya udongo. Mimi si mtaalamu wa kilimo. Kazi yangu ni isimu, na riziki yangu naipata kwa kuchunguza jinsi wanadamu wanavyovipa vitu majina na kuyapanga majina hayo katika makundi. Ndiyo sababu neno hili limenikera kwa muda mrefu. Wekundu ni rangi. Kati ya rangi na aina pana safari ndefu, na sehemu kubwa ya safari hiyo ilianzia kilomita chache tu kutoka hapa tulipo.

Msomaji anayepanda matatu kwenda mjini kwa barabara ya Waiyaki hupita Kabete, penye maabara za taifa za kilimo ambazo leo ziko chini ya shirika la KALRO. Humo ndimo ilimoanzishwa, mwaka 1972, taasisi ya kuchunguza udongo wa Kenya. Watu wake walizunguka nchi wakichimba mashimo na kubeba sampuli, na mwaka 1982 wakachapisha ramani ya udongo wa Kenya nzima pamoja na kitabu cha maelezo, kazi ya Mholanzi Wim Sombroek na wenzake Braun na van der Pouw. Kila eneo katika ramani hiyo lina alama ya herufi na tarakimu. Herufi ya kwanza hutaja umbo la nchi, kama ni mlima, kilima, mgongo wa volkano au tambarare; ya pili hutaja mwamba uliouzaa udongo huo; tarakimu hutenganisha ndugu na ndugu. Mwanaisimu akiiona alama ya namna hii hashangai. Malcolm Guthrie alizigawa lugha za Kibantu vivyo hivyo, herufi kwa ukanda na tarakimu kwa kundi, na ndiyo maana hadi leo katika vitabu vyetu Kiswahili ni G42 na Kikuyu ni E51.

Hebu tuingie shimoni. Mchunguzi huchimba kiasi cha mita moja na nusu au mbili kwenda chini, akausafisha ukuta mmoja, kisha akausoma kutoka juu hadi chini kama mtu asomaye ukurasa. Hupima kila tabaka lina sentimita ngapi, na kama linapakana na jirani yake kwa ghafla au kwa taratibu. Rangi haikisii kwa jicho tu. Hulilinganisha bonge la udongo lililoloweshwa kidogo na vibao vilivyomo katika kitabu cha rangi kilichotokana na kazi ya mchoraji Mmarekani Albert Munsell, akaandika alama mfano wa 2.5YR 3/4, ili mtu wa Addis Ababa na mtu wa Kabete wanapotaja wekundu fulani wawe wanataja wekundu ule ule. Hulivunja bonge aone linapasuka vipi. Hulifinyanga kati ya vidole. Kisha sampuli huenda maabara kupimwa kiasi cha mfinyanzi, uchachu, kaboni, na uwezo wa udongo kushika chakula cha mimea.

Udongo wa migongo hii ya Kinoo na Kabete ukichunguzwa hivyo huonyesha tabia zinazokwenda pamoja. Ni wa kina kirefu na maji hupenya vizuri. Matabaka yake hubadilika taratibu mno hata hupati pa kuweka kidole ukasema la juu limekomea hapa. Mfinyanzi wake si chini ya asilimia 30. Na bonge lake likivunjwa hupasuka vipande vyenye pembe, mfano wa njugu, ambavyo nyuso zake zinang'aa. Mng'ao huo ndio uliozaa jina lake la kimataifa, nitisoli, kutokana na neno la Kilatini lenye maana ya kung'aa. Mwaka 1974, FAO na Unesco walipotoa ufunguo wa ramani yao ya udongo wa dunia, waliandika nitosoli; katika marekebisho ya mwaka 1988 irabu ya o ikawa i. Sisi watu wa isimu hufurahia vijambo kama hivi. Zaidi ya nusu ya nitisoli zote duniani zimo katika Afrika ya tropiki, hasa nyanda za juu za Ethiopia, Kenya, Kongo na Kamerun, na zinahesabiwa miongoni mwa udongo wenye rutuba zaidi katika nchi za joto. Hivyo ndivyo tunavyojulikana Roma, yaliko makao makuu ya FAO.

Sasa turudi kwenye wekundu. Upo udongo mwingine uitwao ferasoli, unaopatikana mathalani katika sehemu za Ukambani, ambao nao mara nyingi ni mwekundu, tena wa kina kirefu. Lakini huo umechujwa na maji kwa dahari nyingi hata uwezo wake wa kushika chakula cha mimea umebaki mdogo. Rangi ya huu na ya ule hutokana na chuma. Mtu akizitazama gunia mbili, moja ya huku na moja ya kule, yamkini asione tofauti.

Ni sawa na mwanafunzi anayejifunza Kiswahili, akaona "kitabu" na "kipofu" yote yameanza na ki-, akayaweka katika ngeli moja. Atasema "kitabu kimefika" na atakuwa sahihi. Akisema "kipofu kimefika" watu watamcheka. Kiambishi cha mwanzo humpa fununu tu. Ngeli yenyewe huonekana katika upatanisho, yaani namna neno linavyoenenda na wenzake katika sentensi. Rangi ya udongo ni hiyo ki-. Upatanisho wake ni namna unavyoenenda na maji, na mzizi, na mbolea.

Kipimo kimoja nacho, hata kiwe cha maabara, kinaweza kudanganya kama rangi. Chukua ule udongo mweusi wa Embakasi na tambarare za Athi. Wataalamu wanauita vatisoli, jina litokanalo na neno la Kilatini la kugeuka. Nao una mfinyanzi usiopungua asilimia 30, kiwango kile kile cha chini kinachodaiwa kwa nitisoli. Mtu aliyepewa tarakimu hiyo peke yake angedhani huu na ule ni ndugu. Kumbe mfinyanzi wa Embakasi ni wa jinsi nyingine: hunywa maji ukavimba, kiangazi kikija hunywea na kufanya nyufa za kutisha, na udongo wa juu ukatumbukia ndani ya nyufa hizo hadi ukajipindua wenyewe. Fundi wa ujenzi anaujua vyema, maana sharti auchimbe na kuuondoa kabla ya kuweka msingi. Wa Kinoo hausumbui hivyo. Kwa hiyo kulinganisha udongo na udongo ni kulinganisha tabia nyingi kwa pamoja.

Naam, lakini ramani nayo ina mipaka yake. Ile ya 1982 ni ya kipimo cha 1 kwa 1,000,000, maana yake milimita moja ya karatasi ni kilomita moja ya ardhi. Ncha ya kalamu yaweza kuifunika mitaa kadhaa ya Kinoo. Ndani ya eneo moja lenye jina moja mna mashamba yasiyofanana, na wachoraji wa ramani hawakuficha jambo hilo. Mwaka 1971 wataalamu wawili Waingereza, Beckett na Webster, walipokusanya matokeo ya uchunguzi mwingi, walieleza kwamba hadi nusu ya tofauti zote zilizomo katika shamba zima huweza kupatikana ndani ya mita moja ya mraba. Kwa hiyo jina la udongo lina thamani pale tu tofauti za ndani ya kundi zinapokuwa ndogo kuliko tofauti za kundi na kundi. Wachunguzi wa lahaja wanakijua kipimo hiki hata kama hawakiiti hivyo.

Jirani yangu mmoja, mama alimaye sukuma wiki na viazi nyuma ya nyumba yake, aliniuliza, "Mwalimu, huu udongo wetu umechoka ama ni mbolea ndiyo mbaya?" Swali hilo ndilo ramani ilipaswa kumsaidia kulijibu. Katika ule ufunguo wa mwaka 1974 nitosoli ziligawanywa mara tatu, na mgawanyo mmojawapo ulitegemea kama madini kama kalisi na magnesi yameijaza nusu ya nafasi ambamo udongo hushikia chakula, au yamepungua chini ya hapo. Zinazopungua huwa chachu zaidi. Ukipanda juu kutoka Kinoo kuelekea Limuru mvua huzidi, mchujo huzidi, na uchachu nao huelekea kuzidi. Mchai huupenda, maharagwe hayaupendi. Mkulima wa udongo mchachu akimwaga DAP mwaka baada ya mwaka huuongezea uchachu, ilhali chokaa ndiyo iliyohitajiwa kwanza. Isitoshe, wekundu huu wenye chuma hukamata fosforasi na kuining'iniza mbali na mizizi. Mbili jirani, zote "nyekundu," zaweza kuhitaji dawa mbalimbali.

Wala uzuri wa udongo si wa milele. Tangu mwaka 1976 pale Kabete pamekuwa na jaribio la muda mrefu la mahindi na maharagwe juu ya nitisoli, likilinganisha vipande vinavyopewa samadi na mbolea na vile visivyopewa kitu. Visivyopewa kitu vimedhoofika. Hayo ni ya pale panapolimwa. Hapa Kinoo kipande kikubwa cha udongo huu bora sasa kimo chini ya saruji ya majumba ya kupangisha, na mimi sijawahi kusikia mtu akiuliza, wakati wa kugawa shamba, ni aina gani ya udongo inayozikwa.

Tatizo hili ni la lugha kwa kiasi kikubwa. Shuleni tumewafunza watoto aina tatu, kichanga, tifutifu na mfinyanzi, na kwa hizo tatu nitisoli ya Kinoo na vatisoli ya Embakasi huingia kapu moja la mfinyanzi. Haikuwa lazima iwe hivyo. Miaka ya 1930, Geoffrey Milne, mkemia wa udongo aliyekuwa katika kituo cha utafiti cha Amani, Tanganyika, aligundua kwamba aina za udongo hupangana mtelemkoni kwa utaratibu unaorudiwa kilima baada ya kilima, kama pete za mnyororo. Neno lake la Kilatini lenye maana ya mnyororo linatumika duniani kote. Lakini Usukumani wakulima walikuwa tayari na majina ya mpangilio huo: luseni kwa mchanga wa juu, itogolo kwa udongo mgumu wa mtelemko, mbuga kwa mweusi wa bondeni. Neno "mbuga" liliingia katika maandishi ya wataalamu likiwa na maana hiyo kamili. Leo tumelibakishia wanyama pori.

Kinoo nako mnyororo upo. Mgongoni ni mwekundu. Bondeni, kando ya kijito, ni wa kijivu uliolowa, na hapo akina mama hupanda nduma, ambazo watu wa pwani huziita majimbi. Hawakungoja ramani kujua hilo. Kinachokosekana ni daraja kati ya ujuzi wao na vipimo vya Kabete, yaani maneno yaliyofungwa kwenye tabia zinazopimika. Nitisoli isitafsiriwe kuwa "udongo mwekundu". Tutakuwa tumemrudisha kipofu kwenye ngeli ya kitabu. Ni afadhali tulichukue jina la kigeni kama lilivyo kuliko kutumia la kwetu linalopotosha.

Mwaka 2021 watafiti walichapisha ramani ya Afrika iliyogawanywa kwa miraba ya mita 30 kwa 30, iliyotengenezwa na kompyuta kwa kutumia picha za setilaiti na zaidi ya sampuli 100,000 zilizopimwa. Mraba mmoja ni sawa na ploti mbili hivi za futi 50 kwa 100. Ni kazi ya kusifiwa, ila sehemu kubwa ya miraba hiyo ni makisio, sepetu haijaigusa. Serikali ya kaunti ingeweza kuanza Kinoo kwa mashimo matatu tu, moja mgongoni, moja mtelemkoni, moja bondeni, na karatasi moja ya Kiswahili na Kikuyu ya kueleza kilichoonekana katika kila shimo na chokaa kiasi gani chahitajika. Wa kuyasoma mashimo hayo wako Kabete.