Mifupa ya Samaki na Mifupa ya Ng'ombe

Ukila sato unatupa mifupa. Ukila nyama unampa mbwa. Je, umewahi kujiuliza mifupa hiyo imetengenezwa kwa kitu gani?

Fanya jaribio. Loweka mfupa wa samaki katika siki kwa siku kadhaa. Utalainika na kupindika kama mpira. Siki imeyeyusha madini, zikabaki nyuzi za protini. Sasa choma mfupa mwingine motoni mpaka uwe mweupe. Ukiugusa unavunjika kama chaki. Safari hii nyuzi zimeungua, yakabaki madini. Mfupa wa mbuzi au wa ng'ombe hufanya vivyo hivyo, ila katika siki huchukua muda mrefu zaidi.

Madini hayo ni kalsiamu iliyoungana na fosfati. Kwa samaki na kwa ng'ombe ni yale yale. Tofauti ni kwamba mfupa wa ng'ombe ni mnene na umeshindiliwa madini, maana unabeba mwili mzito. Samaki anabebwa na maji, kwa hiyo mifupa yake ni myembamba. (Papa wa baharini hana mifupa kabisa, ana gegedu tu kama la sikio lako.) Tena samaki huweza kuvuta kalsiamu kutoka kwenye maji kwa mashavu yake. Wewe huwezi. Ni lazima uile.

Mwili wa mtu mzima una kalsiamu kama kilo 1. Sehemu 99 kati ya 100 ziko katika mifupa na meno. Mtoto akikosa kalsiamu ya kutosha, mifupa hubaki laini na miguu hupinda. Hayo ni matege.

Wengi husema, "Mchemshie supu ya mifupa." Supu ni tamu, sikatai. Lakini hata ukichemsha kutwa, kalsiamu inayotoka ni kidogo sana. Imefungwa ndani ya mfupa ule mgumu. Dagaa unamtafuna mzima, mifupa na kichwa. Huko Nigeria, watoto wenye matege walipewa unga wa samaki, na wengine unga wa chokaa uliopimwa na waganga. Matokeo yalitolewa mwaka 2015: makundi yote mawili yalipata nafuu. Usiende kulamba chokaa ya ukutani!

Basi mama, usimwondolee mtoto vichwa vya dagaa. Baba, usiuze gunia zima kwa wafuga kuku, nyumbani wakabaki na mchuzi. Kwa mtoto aliyetimiza miezi 6, chambua mchanga, osha dagaa, kausha, twanga na kinu mpaka wawe unga laini, kisha chekecha. Tia kijiko katika uji unaochemka.

Mifupa ya sato na sangara usimpe mtoto. Hiyo ni mikali. Ukikwama kooni, usimeze tonge la ugali kuusukuma, maana unaweza kuchoma zaidi. Nenda zahanati siku hiyo hiyo.