Raba, Wembe na Chuma cha Mwavuli

Raba nzuri ya kuchonga muhuri utaijua kwa ukucha. Ingia duka lolote la vifaa vya shule, omba raba nyeupe, ibonyeze pembeni. Ikibonyea halafu ikarudi taratibu mahali pake, nunua. Ikimeguka, mrudishie mwenye duka. Zile za rangi rangi zenye harufu ya pipi, ambazo watoto huzipenda sana, zina chembechembe ndani. Wembe ukipita hazikatiki, zinachanika. Tafuta ile laini ya plastiki, inayopinda bila kuvunjika. Bei yake haifiki hata nauli ya kwenda kuitafuta.

Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi hapa Tanga, nafundisha Darasa la Tatu, na nilianza kuchonga mihuri kwa sababu ya madaftari. Darasa langu lina watoto zaidi ya 70. Mtoto wa miaka minane au tisa hatosheki na alama ya vema ya kalamu nyekundu. Anataka aone kitu. Mihuri ya walimu ipo madukani, ina nyota na nyuso zinazotabasamu, lakini maneno yake ni ya Kiingereza, na wanyama waliochorwa humo watoto wangu hawajapata kuwaona. Nikachonga wangu: mbuzi mwenye ndevu, kichwa kimeinama anakula. Siku nilipoupiga kwenye madaftari hesabu ilihamia kwa mbuzi. Hadi leo aliyepata mbuzi watatu kwa wiki hujitangaza kuwa mfugaji, na wapo waliojifunza kuandika herufi vizuri kwa sababu ya mifugo hiyo tu.

Tangu hapo sijaacha. Naamini kabisa kwamba hakuna njia rahisi kuliko hii ya mtu wa kawaida kumiliki mtambo wa kuchapa. Ukichora mbuzi kwenye karatasi una mbuzi mmoja. Ukimchonga kwenye raba una mbuzi wa kutosha kadi zote za harusi ya mdogo wako, bahasha, vifungashio vya viungo, na kingo za barua, na picha ya mia itafanana na ya kwanza. Hilo zamani lilihitaji karakana.

Raba yenyewe ina historia ya kupendeza. Mwaka 1770 mwanasayansi Mwingereza, Joseph Priestley, aliandika kuhusu kitu kipya kinachofuta alama za penseli, kikiuzwa London vipande vidogo kwa bei ya juu. Kilikuwa utomvu wa mti uliogandishwa. Shida yake ilikuwa hali ya hewa: joto likizidi ulinata, baridi ikizidi ulikakamaa. Mwaka 1839 Mmarekani Charles Goodyear aligundua kwamba mpira ukichanganywa na salfa na kupashwa moto hubaki imara, na mwaka 1844 akapata hataza ya ugunduzi huo. Bila yeye mihuri ya mpira tuliyoizoea maofisini isingekuwapo. Kabla yake watu walitumia chuma, shaba na mbao.

Raba nyingi tunazouziwa siku hizi wala si mpira wa mti. Ni plastiki iitwayo vinili, iliyotiwa mafuta ya kuilainisha. Kila mwanafunzi amewahi kuona matokeo yake bila kujua sababu: raba ikikaa mkebeni pamoja na rula ya plastiki, baada ya muda hugandana na kuachiana makovu. Mafuta yale huhama kutoka kwenye raba na kuilainisha rula. Kwa hiyo muhuri uliochongwa kwenye raba usiutupe kwenye kopo la plastiki. Ufunge kwa karatasi, utie kwenye boksi la viatu, na utadumu.

Sasa vifaa. Wembe wa kawaida unatosha kuanza nao, ila ushike vizuri, na upande wa pili uufunge kwa utepe wa gundi mara kadhaa ili usikukate. Mimi napenda zaidi kisu cha kukatia karatasi, kile ambacho ncha ikiwa butu unaivunja na kupata ncha mpya. Wembe butu ndio hatari, kwa sababu unaulazimisha, na kitu unacholazimisha huteleza. Kidole cha mkono wa kushoto kisikae kamwe mbele ya njia ya wembe. Hapa sina masihara hata kidogo.

Kisu huchora mistari. Kwa kuondoa sehemu pana unahitaji kitu chenye mdomo wa mfereji. Maseremala wanayo bobari, lakini bobari ya seremala ni kubwa mno kwa raba. Jibu liko kwenye mwavuli uliovunjika. Tazama vile vyuma vyembamba vinavyoshika kitambaa: vingi havikuviringwa, vimekunjwa, na ukikata utaona mdomo wake una umbo la herufi U. Nilikwenda kwa fundi miavuli karibu na soko.

"Fundi, huu bado una kazi?"

"Huo umeshakufa, mwalimu. Chukua vyuma vyote, mimi vitanichoma tu humu."

Alinikatia vipande vya urefu wa kidole kwa msumeno wake wa chuma. Nyumbani nilinoa ncha kwa tupa upande wa nje tu, nikamalizia kwa msasa laini, kisha nikachomeka kipande ndani ya kishikio cha mwanzi. Kinakwangua raba vizuri ajabu. Ukisukuma polepole kinatoa utepe mrefu uliojikunja, na mfereji unaobaki ni safi.

Picha utaihamishaje? Chora kwenye karatasi nyembamba kwa penseli laini, 2B au zaidi, ukikoleza mistari. Igeuze karatasi uso chini juu ya raba, ishike isisogee, sugua mgongo wake kwa kijiko. Ukiifunua, picha imehamia kwenye raba, na imegeuka. Usiirekebishe. Ikipigwa kwenye karatasi itageuka tena na kusimama sawasawa, na ndivyo unavyopata maandishi yanayosomeka bila kuumiza kichwa. Herufi kama A, M, O, T na U hazijali kugeuzwa, kwa hiyo mtu ambaye jina lake linaanza na mojawapo ya hizo anaweza kuchora herufi yake moja kwa moja juu ya raba. Wenye N na S wapitie kwenye karatasi.

Mtu anayeanza kuchonga huwa nampa mkonge. Sisi wa Tanga mkonge tunauona tangu utotoni, na umbo lake linafaa: majani yamenyooka, yamechongoka, yanatoka sehemu moja na kutawanyika juu. Hakuna duara, na duara ndilo linalowatesa wanaoanza. Uchore ukiwa na majani saba au tisa, si zaidi.

Chagua jani moja. Weka ncha ya kisu kwenye mstari, kisha kilaze kidogo ili makali yaelekee nje, mbali na jani. Vuta kuelekea kwako, kina cha milimita mbili hivi. Hapa ndipo muhuri unapokufa au kupona. Ukikilaza kisu kuelekea ndani, utakuwa unachimba chini ya mstari wako. Utaonekana mzima juu, lakini ukibonyeza muhuri utayumba, na baada ya muda utang'oka. Mstari unaobaki usimame kama tuta la viazi, mpana chini na mwembamba juu. Sasa rudi upande wa nje, umbali mdogo tu, kata tena ukikilaza kisu kukabili mkato wa kwanza. Mikato miwili ikikutana huko chini, kipande kitaachia chenyewe. Kiinue kwa ncha ya kisu. Jani moja limepata ukingo. Fuata la pili.

Mahali panapopinda, usizungushe kisu. Kisu kiache kimetulia, izungushe raba kwa mkono mwingine, taratibu, huku makali yakiwa ndani. Ukimtazama mtu anayechonga vizuri, utaona mkono wenye kisu hauna haraka yoyote, na raba ndiyo inayocheza.

Majani yote yakishapata kingo, chukua chuma cha mwavuli uondoe uwanja uliobaki. Usijisumbue kuulainisha hadi uwe kioo. Matuta madogo yanayobaki huko huchukua wino na kuacha michirizi kuzunguka picha, na wapo wanaoyafuta yote. Mimi huyaacha baadhi. Michirizi ile inaonyesha njia aliyopita mchongaji, na muhuri wa mashine ya leza hauwezi kukupa hilo.

Kupaka wino kuna namna yake. Watu wengi hukandamiza muhuri juu ya pedi kwa nguvu, na wino unajaa hadi mashimoni. Fanya kinyume: lalisha muhuri uso juu, kisha ugongegonge kwa pedi, kidogo kidogo, hadi sehemu zilizoinuka zing'ae. Chini ya karatasi tandika magazeti mawili matatu ili pawe na ulaini. Bonyeza kwa kiganja, hesabu moja hadi tatu, inua wima. Wino wa kawaida wa ofisini, wa buluu au zambarau, unafaa kabisa, na raba husafishwa kwa maji na sabuni. Usiguse tina wala petroli; zitaila raba.

Hobi hii ina watu wake dunia nzima. Japani, kuchonga raba za kufutia ni sanaa inayoheshimika, na aliyeifikisha mbali ni Nancy Seki, mwandishi aliyezaliwa mwaka 1962 na kufariki mwaka 2002. Alikuwa akihakiki vipindi vya televisheni magazetini, na pembeni ya makala yake aliweka sura za watu maarufu alizozichonga mwenyewe kwenye raba. Nimeziangalia kwa muda mrefu kazi zake. Mikato yake ni michache. Nyusi, pembe ya mdomo, kivuli cha pua, na mtu yuko pale. Uingereza, kwenye nyika za Dartmoor, kuna mchezo uliotokana na chupa aliyoiacha mwongoza wageni James Perrott mwaka 1854 huko Cranmere Pool, ili wanaofika watie kadi zao. Siku hizi watu huficha visanduku vyenye muhuri na daftari. Ukikipata kisanduku unapiga muhuri wake kwenye daftari lako, na wako kwenye daftari lake. Mchezo huo ulipoenea Marekani, baada ya jarida la Smithsonian kuuandika mwaka 1998, wachezaji wengi walijifunza kuchonga mihuri yao wenyewe.

Kwetu muhuri una uzito mwingine, na hili nalisema kwa msisitizo. Barua isiyo na muhuri hairudi na jibu. Ya mwenyekiti wa mtaa, ya shule, ya zahanati, zote zinasubiri ule mviringo wa zambarau. Kwa hiyo ukijulikana mtaani kuwa unachonga, watakujia. Kijana mmoja alinijia jioni, akanisalimia kwa adabu zote, "Shikamoo mwalimu, nina shida ndogo tu," akanionyesha karatasi yenye muhuri wa ofisi fulani akitaka mfano wake. Nilimkatalia palepale, na nikamweleza kwamba kughushi muhuri ni kosa la jinai, anayechonga na anayetumia wote wamo. Chonga mbuzi, chonga jina lako, chonga ua. Nembo ya taifa, benki, ofisi au hospitali usiiguse hata kwa majaribio.

Ukishazoea karatasi, nenda kwenye kitambaa. Kabla kanga za viwandani hazijaenea mwishoni mwa karne ya 19, hapa pwani vitambaa vya merikani vilipigwa chapa kwa vibao vya mbao vilivyochongwa kwa mkono, na kazi hiyo mtu anaweza kuifanya leo sebuleni. Raba ni ndogo kwa kitambaa. Tumia ndala iliyokatika mkanda. Sifongo yake hukatika kwa kisu kilekile na hubeba rangi vizuri. Nimechonga korosho moja tu kwenye soli ya ndala, nikaipiga mfululizo kuzunguka kitambaa cha meza, moja imesimama na moja imepinduka, na pindo likatokea. Rangi iwe ya kitambaa, ipakwe kwa sponji, ikauke kabisa, kisha pasi ipite upande wa nyuma.

Watoto wa darasani siwapi wembe. Wao wana bamia. Kata bamia mbichi katikati, chovya kwenye rangi, piga: unapata ua lenye pembe tano na vyumba vya mbegu ndani. Shina la muhogo nalo likikatwa linatoa duara lenye kitovu.

Kwa sasa nahangaika na rangi mbili. Unakata raba mbili za ukubwa uleule, moja ya umbo zima na nyingine ya mistari ya ndani, halafu unagundisha pembe ya kadibodi juu ya karatasi ili kila raba isukumwe kwenye kona ileile. Rangi nyepesi hutangulia na kuachwa ikauke, nzito hufuata juu yake. Kunguru wangu wa Tanga anahitaji kijivu cha shingoni kwanza, weusi baadaye, na kona ya kadibodi ikisogea hata kidogo tu shingo inahamia mgongoni.