Barabara yenye sura ya shamba: mnunuzi wa kiwanja apige hesabu kabla ya masika

Wenye miradi wanaokata mashamba na kuuza viwanja pembezoni mwa Dar es Salaam, kuanzia Kigamboni hadi Bunju na Mapinga, hupenda kunadi mandhari ya shamba: miembe iliyoachwa, ua wa michongoma na barabara isiyofanana na ya mjini. Lami nzito nyeusi haimo katika picha hiyo. Uamuzi wa barabara itandikwe nini hufanywa mapema na mwenye mradi, lakini gharama yake humfuata mnunuzi, kwa kuwa njia za ndani ya mradi binafsi aghalabu hutunzwa na wenye nyumba kwa michango yao.

Chaguo la kwanza huwa changarawe nyekundu ya moramu. Rangi yake inapendeza, mafundi wake wako kila mahali na bei ya kuanzia ni ndogo. Tatizo ni kwamba barabara ya namna hiyo huliwa. Kiangazi magari huitimua ikawa vumbi, na masika maji huibeba hadi mtaroni. Wahandisi hukadiria upungufu wa milimita 20 hadi 30 kwa mwaka, kutegemea mvua, mteremko na wingi wa magari.

Chukua barabara ya kilometa 1 yenye upana wa mita 5 na tabaka la sentimita 15. Kuijenga kunahitaji meta za ujazo 750 zilizoshindiliwa, yaani karibu 975 zikiwa bado kwenye lori, kwa sababu changarawe hupungua ujazo inaposhindiliwa. Kwa lori la meta 10 hizo ni safari 98. Ikipungua milimita 20 tu kwa mwaka, huhitajika safari 13 kila mwaka kurudisha kilichopotea. Baada ya miaka saba na nusu wenye nyumba watakuwa wamelipia barabara nzima mara ya pili, kabla ya kuhesabu greda na shindilio. Mnunuzi azidishe safari hizo kwa bei ya lori katika eneo lake, kisha agawanye kwa idadi ya viwanja. Kwenye mradi wa viwanja 200 mchango unaweza kuwa mdogo. Kwenye mradi wa viwanja 30, ambavyo nusu yake wenyewe hawajajenga wala hawaonekani, hali ni nyingine.

Changarawe zenyewe hazilingani. Isiyo na udongo wa kuishikanisha huachana na kufanya matuta madogo yanayotikisa gari. Yenye udongo mwingi huteleza kama sabuni. Zaidi ya yote ni maji. Katikati ya barabara ya mita 5 panapaswa kuwa juu ya kingo kwa sentimita 12 hivi, na mitaro iwe na mahali pa kumwaga. Mvua za El Niño za mwaka 1997/98 zilikata barabara nyingi za Afrika Mashariki, na mara nyingi ubovu ulianzia kwenye mtaro au kalvati iliyoziba. Mahali ambapo mteremko unazidi mita 6 kwa kila mita 100, changarawe isitumike hata kama ni ya bure.

Kwa miteremko hiyo dawa ya bei nafuu ni mikanda miwili ya zege ya kupitishia magurudumu, katikati pakiachwa nyasi. Sura ya shamba inabaki, na saruji inayotumika ni kidogo kuliko ya kumwaga zege barabara nzima. Mwanza, kwenye vilima vya mawe, mitaa imejengewa barabara za mawe yaliyopangwa kwa mkono. Kazi hiyo hudumu, lakini ina maana pale tu jiwe lilipo karibu. Mradi wa pwani ukiagiza mawe magumu kutoka Lugoba, zaidi ya kilometa 100 kutoka Dar es Salaam, usafiri ndio utakaopanga bei.

Lami nyepesi nayo imedharauliwa bila sababu. Lami hunyunyiziwa juu ya msingi ulioshindiliwa, kokoto zikatandazwa na kugandamizwa. Rangi inayoonekana ni ya kokoto, si ya lami. Anayetaka kahawia au kijivu cha shamba ataipata, bila vumbi. Kikwazo ni mtambo wa kunyunyizia: kuuleta kwa kipande cha mita 300 ni hasara, hivyo miradi jirani hufaidika ikiagiza kazi kwa pamoja.

Vitofali vya saruji, ambavyo Dar es Salaam huitwa pevingi na Nairobi kabro, vina faida ambayo wengi husahau: bomba la maji likipasuka hung'olewa, hurekebishwa na kurudishwa vilevile. Vile vya sentimita 20 kwa 10 huenda 50 kwa meta ya mraba, hivyo kilometa yetu ile inahitaji 250,000. Ni fedha nyingi kwa mara moja. Vya unene wa milimita 60 hutosha magari madogo, lakini malori ya mchanga na matofali yatapita humo kwa miaka yote ya ujenzi, kwa hiyo njia kuu ya mradi iwekewe vya milimita 80 na mawe ya ukingo yaliyoshikwa kwa zege.

Kwa anayenunua kiwanja sasa, karatasi ya kudai ni mkataba wa mkandarasi wa barabara. Humo huwa na kipindi cha matazamio, mara nyingi miezi 12, ambacho sehemu ya malipo yake huzuiwa. Kikiwa cha miezi sita, na barabara ikakabidhiwa mwezi Juni, mkandarasi atakuwa amelipwa senti ya mwisho mwezi Desemba, na masika huanza Machi.