PAPA, SIMAMA KIDOGO!
Safari ya siku 3 ya bwana na bibi, kandokando ya Ziwa Tanganyika



Leo tunakuuliza neno moja. Ni siku ngapi zimepita tangu wewe na bibi yako mlipoketi pamoja mkaongea jambo lisilo feza ya shule, unga na madeni? Sisi watu wa fasi za machimbo tunajua ugonjwa huu. Bwana anatoka kabla ya jua, anarudi amechoka, anakula, analala. Wengine wanakaa mbali kabisa, Kamituga au Kolwezi, na bibi anabaki na watoto. Konje ikifika, siku zote zinakwisha katika kusalimia ndugu. Kisha bwana anarudi kazini, na hawa wawili hawajaonana bado, ijapokuwa walilala nyumba moja.

Basi tunakuletea safari. Si ya matajiri. Ni siku 3 tu, Uvira na kandokando yake, penye ziwa, milima na tambarare ya Ruzizi. Sheria yake ni moja: mmoja wenu akisema "simama kidogo", mwingine asiulize juu ya nini. Anasimama.

KWANZA, ULIZA NJIA

Hatutakudanganya. Njia hii si ya kila wakati. Mwezi wa 2 mwaka wa 2025 M23 iliingia Bukavu, na mwezi wa 12 wa mwaka uleule vita vikafika Uvira penyewe. Mwezi wa 1 mwaka wa 2026 M23 ikatoka Uvira. Habari za njia hubadilika kwa juma moja. Kwa hiyo, kama siku unaposoma haya kule hakuna utulivu, usiende. Kata ukurasa huu, uuweke katika Biblia au katika kabati, ungoje.

Siku njia itakapokuwa wazi, uliza watu 3: dereva aliyepita jana, ndugu anayekaa huko, na mama anayeuza sokoni, kwa sababu yeye ndiye anayejua kama magunia yanapita. Uliza hivi: "Kule mbele kuko namna gani?" Kama majibu 3 hayapatani, ngoja siku nyingine.

Chagua pia miezi. Mvua huanza mwezi wa 9 na kuendelea mpaka wa 5. Mito inashuka kutoka milimani kwa nguvu. Mwezi wa 4 mwaka wa 2020 mto Mulongwe ulifurika katika mji wa Uvira, ukaua makumi ya watu na kubomoa nyumba nyingi. Mwezi wa 6 mpaka wa 8 ni mikavu, na njia ni nzuri kidogo.

Jambo la mwisho ni motokari. Taksi ya watu wengi haisimami pale unapotaka. Afazali mkodi motokari ya siku nzima, na kabla ya kulipa mwambieni dereva wazi: "Sisi tutasimama-simama." Asipokubali, tafuteni mwingine. Bebeni karte zenu za uchaguzi, kwa sababu ya bariyeri. Na musipige picha kwa bariyeri, wala daraja, wala bandari, wala askari. Picha moja inaweza kuwakulia siku nzima.

SIKU YA 1: UVIRA, MAJI NA MWANGA

Mji wa Uvira ni mwembamba. Mgongoni iko milima, mbele iko maji, na ng'ambo ya maji unaona Burundi. Kwa sababu hiyo jua la Uvira linatoka ziwani na kuzama mapema nyuma ya milima. Anayelala mpaka saa 2 amepoteza kilicho kizuri kuliko vyote. Amkeni saa 11, mwende pwani, mkae tu. Hakuna kiingilio.

Ziwa hili lina urefu wa kilometa 670 hivi, na kina chake kinafika metre 1,470. Katika dunia nzima ni Baikal tu, kule Urusi, lenye kina kuzidi hili. Nchi 4 zinalishirikiana: Kongo, Burundi, Tanzania na Zambia. Mwaka wa 2024 maji yalipanda sana, yakaingia katika nyumba za watu wa pwani. Mkiona kuta zilizobaki karibu na maji, mjue si magofu ya zamani. Ni nyumba ya mtu.

Mchana kuleni samaki. Mukeke wa kuchoma, ao ndagala pamoja na bukari na sombe. Halafu usiku, kama mwezi haupo, rudini pwani. Wavuvi wa ndagala huwasha taa juu ya maji kwa kuvuta samaki, na ukitazama kutoka nchi kavu utafikiri kuna mji mwingine katikati ya ziwa. Mwezi ukiwa mkubwa hawavui, kwa kuwa mwanga wa taa unashindwa. Basi angalieni mwezi kabla ya kupanga siku. Ulizeni pia kama uvuvi haukufungwa: mwaka wa 2024 nchi za ziwa zilipatana kuufunga miezi 3, tangu 15 ya mwezi wa 5 mpaka 15 ya mwezi wa 8, ili samaki wazaane.

Neno la kuogelea: ulizeni wavuvi kwanza. Kuelekea mdomo wa Ruzizi kuko mamba na viboko.

SIKU YA 2: TAMBARARE, MPAKA MUTARULE

Siku hii mnapanda kaskazini, mnaacha maji mkono wa kuume na kuingia tambarare ya Ruzizi. Mto huu unatoka Ziwa Kivu na kuingia Tanganyika. Leo mtoto wa shule anajua, lakini zamani ulikuwa fumbo. Mwezi wa 4 mwaka wa 1858 Burton na Speke walifika Uvira kwa mtumbwi kutoka Ujiji, wakitaka kuona kama Ruzizi unaingia ao unatoka. Waliambiwa na watu wa hapa kwamba unaingia, lakini hawakufika kwenye mdomo wake, wakarudi. Mwezi wa 11 mwaka wa 1871 Livingstone na Stanley walikuja pia kwa mtumbwi, wakasogea mpaka mtoni, wakaona kwa macho yao maji yanaingia ziwani. Kuambiwa si kuona. Simameni mahali.

Kisimamo cha kwanza ni Kiliba. Hapo kuko kiwanda cha sukari cha wakati wa Wabelgiji, na vita vya mwaka wa 1996 vilikisimamisha. Ninyi mliokulia katika kambi za Gécamines ao za Sominki, hamhitaji maelezo. Mnajua mji unavyokuwa kompani inaponyamaza. Muulizeni mzee mmoja: miwa ilikuwa inafika wapi? Atawaonyesha kwa mkono, na mkono wake utakwenda mbali.

Kisimamo cha pili ni Sange. Tarehe 2 mwezi wa 7 mwaka wa 2010, motokari kubwa ya mafuta ilipinduka hapo. Watu walikuja na ndoo na bidoni kuchota. Wengine walikuwa karibu, katika vyumba vya video, wakitazama Kombe la Dunia. Moto ukawaka. Zaidi ya watu 230 walikufa. Vijana, tunawaandikia ninyi neno hili: mafuta yakimwagika, usiangalie yanakwenda wapi. Kimbia.

Mkiendelea, karibu na Luberizi, mtafika Mutarule. Wengi wanapita hapa bila kugeuza kichwa, kwa sababu hakuna mnara mkubwa wa kutazama. Kuko mashamba, ng'ombe, na milima mbali pande zote mbili. Ni pazuri. Na ni hapa, usiku wa tarehe 6 mwezi wa 6 mwaka wa 2014, watu zaidi ya 30 waliuawa, wanawake na watoto ndani. Wengine walikuwa wamekusanyika kwa ibada. Wengine walikuwa nyumbani mwao. Ugomvi uliotangulia ulikuwa wa ng'ombe.

Pengine utasema: "Tumetoka kwa furaha, juu ya nini kusimama penye kilio?" Tunakujibu hivi. Mtu anayepita Mutarule mbio, akapiga picha ya ng'ombe katika nyasi, amechukua picha ya kitu asichokielewa. Katika tambarare hii njia ya ng'ombe katikati ya shamba si mapambo. Ni neno linaloweza kuleta mauti ao amani, kulingana na namna watu wanavyoongea. Na ninyi wawili, je? Katika nyumba yenu hakuna ng'ombe mdogo ambaye hamjamtaja kwa miaka? Deni, simu iliyofichwa, shamba la baba mkwe? Mutarule inatufundisha kwamba ugomvi hauanzi ukiwa mkubwa.

Simameni kwa heshima. Salimieni watu. Nunueni kitu: nyanya, mihogo, mchele. Musiulize habari za usiku ule. Wakieleza wenyewe, sikilizeni mpaka mwisho, msitazame saa.

Halafu rudini Uvira kabla ya giza. Katika njia hii hatusafiri usiku.

SIKU YA 3: KUSINI, ZIWA MPAKA BARAKA

Sasa ndiyo njia ya ziwa yenyewe. Kutoka Uvira mnapita bandari ya Kalundu, na maji yanabaki mkono wa kushoto karibu siku nzima. Mpaka Baraka ni kama kilometa 100, lakini usihesabu kwa kilometa. Mvua ikiharibu daraja moja, 100 inakuwa 1,000. Ndiyo maana tunasema: mkifika, vizuri, msipofika, mmesafiri vilevile.

Makobola, simameni tena. Mwisho wa mwezi wa 12 mwaka wa 1998 mpaka siku za kwanza za 1999, mamia ya watu waliuawa hapo. Kimya cha dakika 5 hakichelewesha mtu.

Kisha mbele pachagueni wenyewe. Kila kijiji kina pwani yake, mitumbwi yake, ndagala walioanikwa wakimetameta. Hapa mpango wetu kwenu ni kutokuwa na mpango. Asubuhi bwana achague visimamo 2, na bibi 2. Vingine viachwe wazi kwa kitu kitakachowaita: mti wenye kivuli, watoto wanaoruka majini, mama anayekaanga samaki.

Upande wa kuume ni milima ya Fizi. Mwaka wa 1965 Che Guevara alivuka ziwa kutoka Kigoma akakaa katika milima ile miezi 7 pamoja na waasi, akaondoka bila kushinda. Na Baraka, mbele ya mji, mtaona rasi ya Ubwari ng'ambo ya ghuba. Pwani hii ilipokea watu wenye furaha kubwa: tangu mwaka wa 2005 meli zilirudisha hapa wakimbizi kutoka kambi za Tanzania, wengine waliokuwa wameondoka mwaka wa 1996. Fikirini mtu anashuka chomboni baada ya miaka 9, anakanyaga mchanga wa kwao. Ketini kwenye mchanga uleule.

NENO LA MWISHO

Bwana, wewe umezoea kazi ya kufika. Shimoni kuna kipimo, kwa kompani kuna saa. Katika motokari unataka pia kufika, na bibi akisema, "Papa, simama kidogo niangalie mayi," unajibu, "Mama, tutachelewa." Kuchelewa wapi? Ndiyo hapa mlikokuwa mnakwenda.

Na wewe bibi, usinyamaze kwa kuogopa kusumbua. Ukiona kizuri, sema. Mwaka ujao hutakumbuka saa mliyofika Baraka. Utakumbuka fasi mliposimama, na neno alilokuambia hapo.

Maulizo ya kuongea nyumbani:

1. Katika safari yetu ya mwisho, nani alichagua visimamo?

2. Katika nyumba yetu, "ng'ombe mdogo" ni nini, na tutamtaja lini?

3. Kama hatuwezi kwenda Uvira mwaka huu, ni fasi gani ya karibu tunayopita kila siku na hatujasimama hata mara moja?