Ruiru 11 na Tatizo la Neno "Uchachu"

Mkulima wa Ruiru akiambiwa kwamba kahawa yake haina uchachu wa kutosha, huenda akashukuru. Kwake yeye, kilichochacha kimeharibika. Kwa mwonjaji, hata hivyo, hiyo ni lawama, na ndiyo lawama ambayo imeiandama Ruiru 11 tangu ilipotolewa mwaka wa 1985. Makala haya yananuia kueleza sifa za aina hiyo ya mbuni, kutoka shambani hadi kikombeni.

Chanzo chake ni maradhi. Chulebuni, ugonjwa wa kuvu unaoozesha tunda likiwa changa, uligunduliwa nchini Kenya mwaka wa 1922, na kufikia mwisho wa miaka ya 1960 ulikuwa umefyeka mavuno mengi. SL28 na SL34, zilizoteuliwa na Maabara ya Scott katika miaka ya 1930, hazikuwa na kinga ya kutosha. Watafiti wa kituo cha Ruiru walizichanganya aina hizo na nyingine pamoja na Catimor, mbuni mfupi unaohimili chulebuni na kutu ya majani. Zao lake ni mti mfupi, unaozaa mapema, na hekta moja huweza kubeba miti 2,500, ilhali SL28 hupandwa 1,330 hivi. Gharama ya dawa hupungua. Lakini mkulima hawezi kujiwekea mbegu: uchavushaji hufanywa kwa mkono, na kizazi cha pili hakifanani na cha kwanza. Baadhi hupandikiza machipukizi yake juu ya mashina ya SL28 yaliyokwisha kuota mizizi mirefu.

Kikombeni, SL28 husifiwa kwa uchachu wa matunda. Ruiru 11 huambiwa imepwaya. Nakubali tofauti ipo, ila hukumu hiyo imetiwa chumvi. Katika viwanda vingi vya ushirika matunda ya aina zote humenywa, huvundikwa, huoshwa na kuanikwa pamoja, hivyo wanaoisifu kahawa ya Kenya mara nyingi wameinywa Ruiru 11 bila kujua. Ikichumwa imeiva vyema na kukaangwa bila kuunguzwa, uchachu wake hujitokeza.

Tatizo la msamiati lingalipo. Ukwaju na ndimu ni vichachu bila kuharibika; pengine mwonjaji angeanzia hapo anapozungumza na mkulima wa Thika, ambaye huenda nyumbani kwake hunywewa chai tu.