Mtoto akisoma biolojia, atafanya kazi gani?

Kila mwaka, matokeo ya Egzameni ya Serikali yakitoka, wazazi katika koperative wanatuuliza: «Mutoto yetu amepata diploma ya biokimi. Akisoma biolojia kwenye univerisite, atakuwa munganga?» Swali hili ni zito, juu kuna wanaouza ng'ombe au kipande cha shamba ili walipe minervali. Basi tuangalie vizuri kitu gani kinalipiwa.

Anachosoma

Biolojia ni elimu ya vitu vyote vyenye uhai: mimea, wanyama, watu, hata vijidudu visivyoonekana kwa macho. Mwaka wa kwanza kuna pia hesabu, fizikia na kemia nyingi, na hapo ndipo wengi wanakwama. Katika mfumo wa LMD, lisansi ni miaka 3, halafu masta miaka 2.

Tuseme wazi: biolojia haimfanyi mtu kuwa munganga. Anayetaka kutibu watu aingie fakiliti ya udaktari. Anayetaka kutibu mifugo aingie ya veterineri. Anayetaka kuongoza mashamba aingie ya agronomia. Biolojia ni mzizi wa hizo zote, lakini haitoi vyeo vyao.

Inatusaidia nini mashambani?

Chukueni mnyauko wa migomba. Kwetu Kongo ulionekana Masisi mwaka 2001, kisha ukatapakaa Kivu. Majani yanageuka manjano, ndizi zinaiva kabla ya wakati, na ndani zina madoa ya kahawia. Watu wa biolojia ndio walioonyesha kwamba ni bakteria, na kwamba inabebwa na wadudu wanaotua kwenye ua la mwisho wa mkungu, na pia na panga zetu. Ndiyo maana tunaambiwa kuvunja ua hilo kwa kijiti chenye panda, na kuchoma panga kwenye moto au kuliosha kwa javeli.

Mwanzoni tuliambiwa kung'oa shina lote pamoja na machipukizi yake. Ni kazi ya kuvunja mgongo, na familia inakosa chakula. Baadaye watafiti waliona kwamba bakteria haifiki kila mara katika machipukizi yote. Sasa inatosha kukata mgomba mgonjwa peke yake, chini kabisa, mara tu dalili inapoonekana, na kurudia kupita shambani bila kuchoka. Huo ndio msaada wa elimu hii: mkulima anapunguziwa kazi na migomba inabaki.

Milango ya kazi

- *Ualimu.* Ndio mlango ulio karibu zaidi. Anayeutaka aende ISP, kama ile ya Bukavu, juu huko anafundishwa pia namna ya kufundisha.
- *Utafiti.* INERA iko na vituo Yangambi na Mulungu; Lwiro kuna kituo cha sayansi asilia. Nafasi ni chache, na mara nyingi wanataka masta.
- *Kulinda pori.* ICCN inasimamia mbuga kama Virunga na Kahuzi-Biega. Corneille Ewango alisoma biolojia Kisangani, akafanya kazi Epulu katika hifadhi ya okapi. Wakati wa vita alibaki kulinda mkusanyo wa mimea ya utafiti, na mwaka 2005 akapewa tuzo ya mazingira ya Goldman.
- *Maabara.* Kupima maji, vyakula na vinywaji viwandani.
- *Kazi ya kujitegemea.* Kuzalisha miche safi, uyoga, asali au samaki. Hapa diploma peke yake haitoshi. Inahitajika mtaji na ujuzi wa kuuza.

Kabla ya kulipa, ulizeni

1. Je, chuo kinatambuliwa na Serikali?
2. Je, kina maabara inayofanya kazi, au wanafunzi wanaandika tu ubaoni?
3. Je, staji inafanyika wapi, na nani anagharamia safari?
4. Je, mtoto mwenyewe anapenda masomo haya, ao ni sisi wazazi ndio tunapenda?

Nendeni wenyewe kuona. Ombeni kuongea na wanafunzi wa mwaka wa mwisho. Hao hawana sababu ya kuwaficha kitu.

Koperative nayo ina sehemu yake

Kila mwanafunzi anayemaliza anatafuta swali la kuandikia kazi yake ya mwisho. Sisi tuko na maswali mengi: mihogo yenye majani yaliyojikunja, maharagwe yanayooza ghalani. Komite iandike barua kwa fakiliti ya karibu na kutaja tatizo moja la mashamba yetu, mahali pa mwanafunzi kulala, na mwanachama wa kumwongoza. Kabla hajaondoka, arudishe majibu mbele ya mkutano, kwa Kiswahili, ili kila mama na kila baba ayaelewe.