Je, Wajua? Dumu la pombe huoshwa kichwa chini

Mpika pombe ya ulezi wa Ufipa akiacha chungu na kushika dumu, hukutana na adha moja: mkono haupiti shingoni. Kutikisa kokoto ndani hukwangua plastiki, na kila mkwaruzo ni maficho ya bakteria wanaoitia pombe uchachu. Heri pampu ndogo ndani ya ndoo. Dumu hupinduliwa juu ya bomba la pampu hiyo. Maji ya uvuguvugu yenye magadi hurushwa hadi kitakoni, hushuka na masimbi, hurudi ndooni, hurushwa tena. Kisha suuza kwa maji yaliyochemshwa. Sumbawanga, huko huko Ufipa, karibu mita 1,800 juu ya usawa wa bahari, maji huchemka kwenye nyuzi 94 hivi, si 100! Ila chupa kubwa ya kioo usiimiminie yakiwa moto: inaweza kupasuka.